Kumtafuta Baba wa Bibi Katika Madaftari ya Ufipa

Mama yake bibi yangu ana asili tatu, na kila moja ina shahidi wake. Daftari la ubatizo linasema wazazi wake hawajulikani. Daftari la ndoa, lililoandikwa miaka 10 baadaye, linamtaja baba yake kwa jina. Na ukoo mzima, kuanzia shangazi zangu wa Mbeya hadi vijana wa kundi la WhatsApp, unasema alikuwa binti wa mwene, mtawala wa Wafipa, tena wanalisema kwa sauti ya watu wasiopenda kuulizwa swali la pili. Nilipanda basi kwenda Sumbawanga kwa ajili ya swali hilo la pili.

Jina lake sitaliandika; nitamwita bibi tu. Wapo wazee wa ukoo ambao hawajaridhia, na ni haki yao.

Kutoka Mbeya unapita Tunduma, mahali ambapo malori ya kwenda Zambia hujipanga hadi dereva wa basi anaanza kuongea peke yake. Ukishaipa Tunduma kisogo, mambo yanatulia. Kuna zaidi ya kilomita 200 za lami hadi Sumbawanga, na abiria wenye umri wa kutosha hawachoki kukusimulia zilivyokuwa kabla ya lami: masika basi likinasa, watu wanashuka kusukuma, usiku unawakuta Laela. Siku hizi Laela unaiona dirishani tu, kisha Mpui, na nchi inafunguka. Miti ni michache, vilima vimelala, mashamba ya mahindi na maharage yanakwenda mpaka macho yanachoka. Sumbawanga iko juu ya mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni haina mzaha. Stendi nilikuta wapiga debe wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, nami nimeshuka na shati la mikono mifupi, wakanitambua papo hapo kuwa si mwenzao.

Mashariki ya mji kuna milima ya Mbizi, na nyuma yake ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi inateremka hadi Ziwa Tanganyika. Ufipa imekaa katikati ya maziwa mawili, juu, na katika karne ya 19 kila aliyekimbia na kila aliyekimbizwa alikanyaga udongo wake. Wangoni waliotoka kusini kabisa mwa Afrika walifika hapa na mfalme wao Zwangendaba, na hapa Ufipa ndipo alipofia, mnamo 1848, watu wake wakagawanyika makundi, wengine kaskazini, wengine wakarudi kusini. Baada yao ikaja misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mateka walivushwa kwa mitumbwi kutoka Marungu, ng'ambo ya Kongo, wakapandishwa pwani ya Kirando, wakatembezwa hadi Unyanyembe karibu na Tabora, na waliobaki hai wakaendelea mpaka Bahari ya Hindi. Kutoka kusini walitokea wavamizi wa Kibemba. Mtoto wa kike aliyezaliwa mnamo 1889 katika nchi iliyozungukwa namna hiyo, akakosa jina la baba kwenye karatasi, hakuwa peke yake.

Mjini sikukaa. Nilipata baraka za ofisi ya jimbo, nikanywa chai na chapati sokoni, nikachukua gari la Namanyere.

Anayetafuta ukoo huku ni lazima kwanza ajue mipaka ilivyohamahama, la sivyo atabisha hodi nyumba isiyo yake. Sumbawanga ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya mpaka Rukwa ilipoanzishwa mwaka 1974. Karema, iliyokuwa ndani ya Rukwa, sasa ni ya Katavi tangu 2012. Kanisa nalo limehama: makao ya kwanza yalikuwa Karema, na jimbo liliitwa Karema hadi 1969 lilipopewa jina la Sumbawanga, kisha mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda na Karema ikaenda huko. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa na padre mmoja, katika misheni moja, wajukuu wake leo wanaweza kuambiwa waende mikoa miwili na majimbo mawili. Serikali ndiyo usiseme. Boma la Wajerumani la Bismarckburg, ambalo ni Kasanga ya leo, liliangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Juni 1916. Faili za utawala wa Kijerumani zilizonusurika zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na humo mtoto wa kike wa miaka 10 haonekani.

Kutoka Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, barabara inaanza kuteremka. Joto linakupokea kidogo kidogo. Unavua koti, unavua sweta, na ukifika Kirando harufu ya dagaa imeshaingia kwenye nguo. Misheni niliyokuwa naitafuta iko mwambao huo huo. Paroko aliniomba nisiitaje. Nilidhani ni kwa heshima ya waumini, akacheka: "Ukiitaja, ukoo wenu wote mtahamia ofisini kwangu."

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," nilikuwa nimemsalimu.

"Milele amina. Cheti cha ndoa?"

Wengi huja kwa hilo. Nilipomweleza kwamba mtu ninayemtafuta alibatizwa mwaka 1899, alinitazama, akamwita karani wa parokia, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, akamwambia alete daftari kubwa la zamani.

Daftari lenyewe lina kurasa pana, na wino wake umegeuka kahawia. Mwandiko ni wa padre Mfaransa, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao watu wote huku huwaita Mapadre Weupe, na lugha ni Kilatini. Kuna safu ya namba, tarehe, jina la ubatizo, wazazi, umri, msimamizi, na saini ya aliyebatiza. Nilimkuta. Umri: miaka 10 hivi. Wazazi: hawajulikani. Mstari wa chini yake mtoto mwingine, wazazi hawajulikani. Anayefuata, hivyo hivyo. Ukurasa ulikuwa umejaa watoto wa namna hiyo, mpaka padre alichoka kuandika akaanza kuweka vile vijistari viwili vya kurudia. Baba na mama za watoto wale wamekuwa vijistari viwili vya wino.

Walikuwa wakombolewa. Wamisionari waliwanunua watoto mikononi mwa wafanyabiashara, au waliwapokea waliotoroka na waliokamatwa na askari, wakawaweka vijijini kwao kando ya misheni. Kwa hiyo hadithi ya binti wa mwene ilianza kuyumba nikiwa bado nimeinama juu ya meza. Lakini haikuanguka, maana watoto wa watawala nao walitekwa. Ng'ambo ya ziwa, Desemba 1884, watu wa Emile Storms, mwanajeshi wa Kibelgiji aliyekuwa na ngome Mpala, walimuua Lusinga, mtawala wa Marungu aliyekuwa mwindaji wa watumwa, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Vita vya namna hiyo vilitupa mateka huku na huku bila kuuliza nani amezaliwa ikulu.

Tarehe ya ubatizo nayo si tarehe ya kufika. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliweka kanuni kwamba anayetaka ubatizo afundishwe miaka 4, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa. Ukiitoa miaka hiyo kwenye 1899, unamweka bibi misheni mnamo 1895, mtoto wa miaka 6 au 7. Mtoto wa umri huo anajua jina la mama yake. Hilo nililiandika kwenye kijitabu changu nikalipigia mstari, kisha nikaigeukia nafasi ya pembeni kabisa mwa ukurasa, ambako ndiko kulikokuwa na faida.

Mwaka 1907 Roma ilitoa amri iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908: kila ndoa inapofungwa, paroko apeleke taarifa mahali wahusika walipobatizwa, na iandikwe pembeni ya ubatizo wao. Waliotunga sheria ile walitaka kuzuia watu kuoa mara mbili kwa siri. Hawakujua wanamwekea kitukuu kamba ya kushika. Pembeni ya jina la bibi, kwa wino tofauti, kuna mwaka 1909, jina la mume, na jina la misheni ya juu, uwandani.

Kabla ya kupanda nilikwenda Karema, kwa boti la mizigo, kwa sababu huko aliishi mtu ambaye kisa chake kilinisaidia kukielewa cha bibi. Mahali penyewe pana historia ya kuvutia. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, maji yakiwa karibu. Muda mfupi kabla ya hapo ziwa lilikuwa limevunja kizuizi cha Mto Lukuga upande wa Kongo, likaanza kushuka, na katika miaka michache ngome ya bandari ikajikuta mbali na ziwa. Mwaka 1885 waliwakabidhi Mapadre Weupe. Leo kuna bandari mpya ya serikali, kubwa, ya zege, na vijana wa pale wanaizungumzia zaidi kuliko ngome, nami siwalaumu.

Mwaka 1889 alifika Karema kijana aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kwenye Mto Niger, karibu na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto na Watuareg, akavushwa Sahara hadi Metlili, Algeria, ambako wamisionari walimkomboa. Wakampeleka Malta kusomea tiba. Kisha akaja kuwa daktari na katekista wa Karema, akaitibu nchi hii mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 bila kuhama. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende, na mtoto wao akawa padre. Huku bado wazee wanamwita Dokta Atiman kana kwamba ametoka zahanati jana.

Tofauti ya Atiman na bibi ni moja. Atiman alijifunza kuandika, na mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Kijiji chake tunakijua kwa sababu yeye alikitaja. Karatasi za waliomteka hazipo, na za waliomnunua zinaanzia pale walipomlipia. Bibi hakupewa kalamu. Ukitafuta wasichana wa eneo hili waliosimulia wenyewe, utawapata wachache sana. Mmoja ni Meli, aliyetekwa na Wabemba akiwa mdogo, akauzwa, akaokolewa msafara wake uliponaswa na maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, akalelewa misheni ya Kiprotestanti ya Kawimbe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Habari zake na za wenzake zilikusanywa na Marcia Wright, mwanahistoria wa Kimarekani, katika kitabu cha mwaka 1993. Waliobaki ni vijistari.

Wamarekani weusi wanaifahamu hali hii vizuri. Katika sensa za 1850 na 1860 za nchi yao, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Sensa ya kwanza kuwaandika wote kwa majina ni ya 1870, na hapo ndipo watafutaji wengi wa ukoo hugonga ukuta. Wanaoupita huupita kwa kusoma karatasi za bwana: wosia, mirathi, hati za mauzo, madeni. Wanasoma pia majirani, kwa sababu watu waliouzwa pamoja mara nyingi walikaa pamoja hata baada ya uhuru. Sisi wa Ufipa karatasi za aliyeuza hatuna. Tunazo za aliyenunua ili kubatiza, na majirani tunao.

Kwa hiyo nilipofika misheni ya uwandani sikumtafuta bibi peke yake. Daftari la ndoa lilikuwa na kurasa zilizoliwa na mchwa, nashukuru kwamba mchwa walianzia mwisho. Ndoa ya 1909 ipo. Baba wa bibi arusi ametajwa, jina la ubatizo na jina la Kiafrika. Nilikaribia kupiga simu nyumbani. Kisha nikasoma ndoa za jirani. Mwanamume yule yule ni baba wa bibi arusi mwingine mwaka huo huo, na wa mwingine mwaka uliofuata, na mabinti hao wote nilikuwa nimewaona mwambaoni kwenye ukurasa wa vijistari. Jina lake lilikuwamo pia katika daftari la ubatizo, safu ya wasimamizi. Kumbe alikuwa mkuu wa kaya katika kijiji cha misheni, mwenye kukabidhiwa wasichana waliokombolewa. Siku ya posa, wazee wa mume waliuliza mahari inapelekwa kwa nani, na lazima pawe na mtu wa kuipokea. Padre naye aliuliza baba ni nani, na akajibiwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Simwoni mtu huyo kuwa mwongo. Kwa desturi alikuwa baba. Lakini anayetaka damu, hapo hapati.

Mjomba wangu anaishi upande wa Chala. Amepita miaka 80, na ndiye pekee aliyebaki ambaye aliishi nyumba moja na bibi. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani na wajukuu. Tulisalimiana kwa kirefu, maana Wafipa hawakurupukii mambo, na nikala ugali wa ulezi na maharage kabla ya kuruhusiwa kufungua mdomo juu ya safari yangu. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza, akatupa gunzi kwenye rundo.

"Mjomba, sasa unataka kumfanya bibi yetu mtumwa?"

"Sitaki kumfanya kitu, Mjomba. Nataka kujua alitoka wapi."

"Mimi nilipokuwa naoa, wakwe walituma mtu kuuliza ukoo wetu. Unajua aliulizia nini? Hicho unachokiandika."

Ndipo nilipoelewa hadithi ya mwene ilitoka wapi na ilifanya kazi gani. Utumwa Tanganyika haukufutwa kwa siku moja. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru, wakawaacha wazazi wao walivyo. Ni Waingereza waliokuja kuupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1922. Bibi alikuwa tayari na watoto wakati huo. Kumwita binti wa mwene kuliwafungulia wanawe milango ya posa, na mtu anayeishi raha leo asijifanye hakimu wa uongo uliomzaa.

Tena Ufipa ni nchi ambayo ufalme wake wenyewe unasimuliwa kuanza na wageni. Wazee wanasema mahali paitwapo Milansi palikuwa na mwene wake wa kale, Ntatakwa, na siku moja, yeye akiwa mbali, wakaja wanawake wageni, Watwaci, wakakaribishwa na kupewa kiti. Kutoka kwao ukatoka utawala uliokuja kugawanyika Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na ukuhani wake. Nilimkumbusha Mjomba hadithi hiyo. Akasema wale walikuja kwa miguu yao wenyewe, hawakuletwa. Sikuwa na jibu.

Lakini jioni, wajukuu wameingia ndani, alianza mwenyewe. Alisema bibi hakuwahi kulala bila kuhesabu watoto kwa mkono, akigusa kichwa kimoja kimoja, hata walipokuwa wakubwa na ndevu. Alisema Kifipa chake kilikuwa safi. Ziwani alikataa kwenda, hata kwa maziko. Kisha akanieleza habari za Novemba. Mwezi huo Wakatoliki hupeleka kanisani karatasi yenye majina ya marehemu wao ili waombewe, na bibi, kwa kuwa hakujua kuandika, alimtumia yeye, mtoto wa shule, katikati ya miaka ya 1950. Kila mwaka majina mawili ya kwanza yalikuwa ya watu ambao hakuwahi kuwasikia.

"Nilimwuliza hawa ni akina nani. Akaniambia, andika."

"Uliandika?"

"Niliandika. Ungethubutu kumbishia wewe?"

Jina moja amelisahau kabisa. La pili analikumbuka, ni la mwanamke. Nimewauliza watu wa Kirando, na zaidi ya mmoja aliniambia ni jina la ng'ambo, la upande wa Marungu. Wengine wanasema hata huku linasikika. Nimeiandikia hifadhi ya Wamisionari wa Afrika huko Roma, ambako shajara za vituo vyao zimetunzwa, kuomba kurasa za miaka ya 1894 hadi 1896, maana mapadre waliandika kila jioni nani ameletwa na kutoka wapi. Nikipata siku ambayo msichana wa miaka 6 au 7 aliletwa na watu wa Marungu, nitakuwa nimesogea. Baba yake sitamfikia, naona hivyo wazi. Kati ya daftari la ndoa na karatasi ya Novemba iliyoandikwa na mtoto wa shule, mimi naiamini karatasi, ingawa haipo tena. Mwene nimemtoa. Nimewatumia shangazi zangu maelezo yote, na mmoja ametoka kwenye kundi la WhatsApp.

Kama una mzee aliyebatizwa katika misheni za Ufipa na mwambao wake, Karema, Kirando, Kala, Kate, Zimba, Mwazye, Chala, usiende ofisi ya parokia mikono mitupu. Nenda na jina la ubatizo, mwaka wa kukadiria, jina la msimamizi na barua ya paroko wako, na ukishapata mstari wako soma ukurasa mzima. Na Novemba ijayo, kabla karatasi ya marehemu ya bibi yako haijaingia kwenye kikapu cha kanisani, ipige picha, kisha muulize kila jina ni la nani, ukianzia na yale usiyoyajua.